Maji Yanayobaki Nyuma

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinapofungwa mwezi Desemba, wenyewe wakielekea Kilimanjaro, Kagera au Mbeya, jambo linalopewa uzito ni kufuli na mlinzi, ilhali kinachofanya kazi kubwa zaidi humo ndani wakiwa hawapo ni maji: yale yaliyosahauliwa yakatuama, yale yanayokauka mahali ambapo hayakupaswa kukauka, na yale yaliyomo hewani bila kuonekana.

Maji yaliyotuama ni makazi ya Aedes aegypti, mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza virusi vya homa ya dengi na vya chikungunya, ugonjwa ulioelezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kufuatia mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, na ambao jina lake limetokana na neno la Kimakonde linaloashiria kujikunja, kama ajikunjavyo mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Mbu huyu hahitaji bwawa, kwani humtosha kisahani cha chungu cha maua, ndoo ya chooni, kifuu cha nazi uani au pipa lisilofunikwa sawasawa. Katika joto la pwani yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo likizo ya wiki tatu yatosha kabisa kuwalea wenyeji wapya watakaowapokea wenye nyumba mlangoni. Kumwaga maji peke yake hakusaidii sana, maana jike hutaga juu kidogo ya usawa wa maji, mayai yakagandamana na ukuta wa chombo, ambako huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji yarudi. Chombo hakina budi kusuguliwa kwa brashi ndipo kipinduliwe. Kusuuza harakaharaka, ambako ndiko desturi ya saa ya mwisho kabla ya basi kuondoka, huyaacha mayai pale pale.

Yapo maji mengine, hata hivyo, ambayo hayatakiwi kuondoka. Chini ya sinki bomba hupindwa kama herufi S, umbo ambalo Alexander Cumming, fundi saa Mskoti, alilitumia katika choo alichokipatia hataza mjini London mwaka 1775, na maji yanayobaki katika kona hiyo huwa kizibo kinachozuia harufu ya majitaka na mende wa shimoni. Bomba lisipotumika, kizibo hicho hukauka polepole, hasa katika tundu la sakafu ya bafu, ambalo mara nyingi kina chake ni kifupi. Maji yakijazwa na kijiko cha mafuta ya kula kikamiminwa juu yake, mafuta huelea na kuchelewesha ukaukaji.

Mvuke uliomo hewani ndio unaoamsha kuvu, viumbe ambao mbegu zao zimo kila nyumba na ambao huota juu ya ngozi, nguo na mbao pale hewa inapokaa kwa muda mrefu na zaidi ya asilimia 70 hivi ya mvuke inaoweza kuubeba. Jokofu lililozimwa na kufungwa hukusanya unyevu, giza na mabaki ya chakula mahali pamoja, na kwa sababu hiyo hukaushwa kwa kitambaa na mlango wake kuachwa wazi kidogo.

Anayeliacha likiwaka, nyama ikiwa ndani, ameweka dhamana kwa umeme, ambao ukikatika siku mbili na kurudi, nyama huyeyuka, bakteria huzaliana, kisha barafu huificha habari yote, kwa kuwa ubaridi huwapumzisha bakteria wengi bila kuwaua. Kipimo chake ni rahisi: kikombe cha maji hugandishwa, na sarafu ikawekwa juu ya barafu kabla ya safari. Ikikutwa imezama chini, nyama hiyo haifai kuliwa, hata ikiwa ngumu kama jiwe.