Mtoto wa Kike, Jembe na Darasa: Mfano wa Tabora

Wako watu, hata miongoni mwa viongozi, ambao wakiona wavulana wametangulia katika hisabati na sayansi husema upesi kwamba hayo ni maumbile. Maelezo hayo hayachambui kitu. Mwanafunzi wa siasa hana budi kuuliza kwanza: nani alikuwa anafanya kazi gani wakati mwenzake anasoma?

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, Tabora ya leo. Wanaume wa Kinyamwezi kwa maelfu walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakarudi na nguo, Kiswahili na ujuzi wa kupatana bei. Wanawake nao walisafiri, jambo linalosahauliwa mno; lakini walio wengi walibaki wakilima, pamoja na watumwa walionunuliwa kwa faida ya biashara hiyo hiyo. Njia ile ilikuwa shule, na mgawanyo wa kazi ndio uliochagua wanafunzi wake.

Ukoloni uliukuta mgawanyo huo, ukaupa majengo. Baada ya Mtemi Isike kufa mwaka 1893 akiwapinga Wajerumani, utemi wa Unyanyembe ulishikwa na mwanamke, Nyaso. Hata hivyo Waingereza walipofungua Shule ya Tabora mwaka 1922 kwa ajili ya watoto wa watemi, walikusudia watoto wa kiume. Hakuna aliyewapima wasichana akili kabla ya kuwaacha nje.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipanua elimu ya msingi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 wasichana walikuwa karibu nusu ya wanafunzi wa ngazi hiyo. Lakini Azimio hilo hilo lilitaka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu. Kanuni moja kwa wote. Matokeo yake wasichana walipungua, kwa sababu miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Haukupita muda mrefu ikabidi wasamehewe sharti hilo. Maumbile hayakubadilika katikati hapo; iliyobadilika ni kanuni.

Katika wilaya za tumbaku kama Urambo, majani huchumwa, hufungwa na kukaushwa kwa mikono ya jamaa nzima, na muhula hauwangoji. Mvulana akitoka shamba hupumzika, pengine hufungua daftari. Dada yake ana maji, kuni, ugali na mdogo wake mgongoni. Kisha huja mahari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mvulana 18. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora asilimia 58 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Mtihani gani utapima akili ya aliyekwisha kuondolewa darasani?

Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2019 kwamba tofauti hiyo ya umri inakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Aliyerudi, hata hivyo, bado ana mtoto wa kunyonyesha, na ndoo ya maji ni ile ile.