Kibali cha Kazi Hakifungui Duka

Msimu wa kahawa ukifika Kamuli, huku Tanzania karibu na mpaka wa Uganda, hela huonekana hadi vichochoroni. Mwalimu kutoka Mbarara, Uganda, aliyeajiriwa na shule binafsi hapa kwetu anaona turubai za kahawa ya maganda zimeanikwa kila uani, anaona kijana wa wakala wa simu hapumziki tangu asubuhi, na mshahara wake mwenyewe umekwisha tarehe kumi. Akifikiria kufungua kibanda cha kutengeneza simu jioni, simlaumu. Ila ajue anaingia wapi.

Mgeni aliyeajiriwa Tanzania anatakiwa kuwa na vibali viwili. Cha kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi kwa sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Kinadumu hadi miaka 2 na kinaweza kuongezwa. Cha pili ni kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, daraja B. Daraja hilo ni la mwajiriwa, na linamfunga kwenye ajira aliyoiombea. Anayejiajiri au kuwekeza huomba daraja A. Ndiyo maana kauli ninayoisikia mara nyingi, kwamba "bosi wangu hana tatizo", haimsaidii mtu. Bosi hana mamlaka ya kumruhusu mgeni kufanya biashara.

Tangu tarehe 28 Julai 2025 mambo yamebana zaidi. Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Ukiisoma ukiwa Kamuli, utadhani imeandikwa sokoni kwetu: maduka ya jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, viwanda vidogo, na ununuzi wa mazao shambani. Hilo la mwisho ni zito kwetu. Kahawa butura, ile inayonunuliwa ingali mtini, ni marufuku hata kwa raia, kwa sababu inamwacha mkulima mikono mitupu siku ya mavuno. Mgeni anayeinunua anajiongezea kosa juu ya kosa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na vibali vyake hufutwa.

Sasa niseme na wenyeji, kwa kuwa ndiko ninakoona hatari kubwa. Huku mpaka unapita katikati ya koo. Shemeji anatoka Isingiro ya Uganda na mtaji wake, anaomba leseni iandikwe jina lako, nawe unaona haya kumkatalia. Amri hiyo hiyo inamgusa raia anayemsaidia mgeni kukiuka katazo: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Mkatalie shemeji, kisha umweleze sababu.

Wapo wanaouliza: si tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki? Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ibara yake ya 13 inazungumzia haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha shughuli. Kenya iliitumia hoja hiyo kuilalamikia amri ya Jafo, na kwa maoni yangu hoja ina uzito. Lakini mzozo wa serikali na serikali haumkingi mwenye kibanda anapofikiwa na ofisa.

Njia halali ipo kwa asiyehitaji duka. Mfanyabiashara mdogo anayebaki kwao na kuvusha bidhaa zinazoruhusiwa kupitia kituo cha mpakani cha Murongo anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia, mradi shehena isizidi thamani ya dola 2,000.

Na vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo wasidhani ukali huu ni wa Tanzania peke yake. Uganda nayo hutenganisha: daraja D la biashara, G la waajiriwa. Saudi Arabia, kwa sheria yake ya mwaka 2020, biashara ya mgeni inayofichwa nyuma ya jina la mwenyeji inaweza kuwapeleka wote wawili jela hadi miaka 5, pamoja na faini ya hadi riyali milioni 5. Kabla ya kuweka mtaji, peleka kibali chako ofisi ya uhamiaji ya nchi uliyopo, uulize daraja lako linaruhusu nini, na uombe jibu la maandishi.