Goblin wanne na jitu mmoja: namna Excel inapima pigano kabla ya kurusha dadu

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mmoja anacheza shujaa wake. Shujaa akitaka kupiga adui, mchezaji anarusha dadu ya pande ishirini. Hadithi moja inaweza kuchukua miezi mingi, na shujaa anakomaa polepole.

Njo maana kiongozi iko na mzigo. Akiweka adui wengi kupita kiasi, mashujaa wote wanakufa jioni moja na kazi ya miezi inapotea. Akiweka wachache, watu wanachoka kwa kukosa hofu. Atajuaje mbele ya wakati?

Pointi za kila adui

Kitabu cha kiongozi cha mwaka 2014 kinampa kila adui pointi. Goblin, kijizimwi kidogo, iko na 50. Ogre, jitu lenye nguvu, iko na 450. Kwa upande wa mashujaa kuna mipaka minne. Shujaa wa kiwango cha 3 anahesabiwa hivi: rahisi 75, kiasi 150, ngumu 225, ya kufa 400. Kama mashujaa ni wanne, unazidisha kwa nne: 300, 600, 900 na 1600.

Sasa tuweke ogre mmoja na goblin wanne. 450 na 200 ni 650. Mtu anaweza kusema: ni pigano la kiasi tu. Lakini hesabu haijaisha.

Wingi ni nguvu

Ogre akiwa peke yake anapiga kwa zamu yake moja, wakati mashujaa wanne wanapiga mara nne. Adui wakiwa watano, zamu zao pia ni tano. Juu ya hiyo, kitabu kinaomba kuzidisha jumla kulingana na idadi yao: adui 1, mara 1, wawili, mara 1,5, kuanzia 3, mara 2, kuanzia 7, mara 2,5, kuanzia 11, mara 3, kuanzia 15, mara 4.

Wetu ni watano: 650 mara 2 ni 1300. Pigano limekuwa ngumu. Ongeza ogre wa pili: jumla 1100, adui sita, mara 2, tunafika 2200. Hapo tumeruka mpaka wa kufa.

Kuandika katika Excel

Kufanya hesabu hii kwa kichwa kila mara kunachosha. Kwenye Excel ya Kifaransa, ambayo wengi wetu tunaitumia, weka pointi za adui mmoja mmoja katika B2 na B3, na idadi yao katika C2 na C3. Kisha:

B5: =SOMMEPROD(B2:B3;C2:C3), inatoa 650.
B6: =SOMME(C2:C3), inatoa 5.
B7: =RECHERCHEV(B6;E2:F7;2;VRAI), inatoa 2.
B8: =B5*B7, inatoa 1300.

Katika E2 mpaka E7 andika 1, 2, 3, 7, 11, 15. Pembeni, katika F, andika 1, 1,5, 2, 2,5, 3, 4.

Neno la mwisho, VRAI, njo lenye kazi kubwa. Namba 5 haimo katika orodha yetu, kwa hiyo Excel inashuka mpaka namba ya karibu iliyo chini yake, yaani 3. Ukiandika FAUX, itatafuta 5 yenyewe, itaikosa na kuonyesha kosa. Orodha lazima ipangwe kutoka ndogo kwenda kubwa.

Je, tuamini namba?

Si yote. Mwaka 2024 kitabu kipya kiliondoa kule kuzidisha na kubakiza ngazi tatu. Kwa mashujaa wale wale, 600 ni hatari ndogo, 900 ya wastani, 1600 kubwa. Pointi 650 zetu zinabaki kati ya ndogo na wastani. Adui ni wale wale, lakini majibu ni mawili.

Tena tablo haijui kama mashujaa wamechoka na pigano lililopita, wala kama goblin wamejificha fasi ya juu na mishale. Hiyo ni kazi ya kiongozi. Excel inamwonya tu kabla, wakati bado anaweza kuondoa ogre mmoja.

Na hata wewe usiyecheza, RECHERCHEV yenye VRAI itakusaidia: mfanyabiashara anayepunguza bei kuanzia gunia 10, kisha kuanzia gunia 50, anaweza kupanga bei zake kwa fomula hiyo hiyo.