Mteja mfupi, pikipiki ndefu: usikimbilie kisu

Leo naongea na wenye maduka ya spea na mafundi siti. Kuna mteja tunampoteza bila kujua: mtu mfupi mwenye pikipiki ndefu, zile za porini kama Honda XL, XR150 au Yamaha DT. Anakuja anauliza "mnashusha siti?", fundi anachukua kisu, anakata sponji, hela inalipwa. Wiki mbili baadaye mteja makalio yanamuuma, anasimulia mji mzima alikotengenezewa.

Pikipiki hizi hazikunyanyuliwa kwa mbwembwe. XR150L siti yake iko zaidi ya sentimita 82 kutoka chini, kwa sababu injini isigonge mawe na shokapu zipate nafasi ya kucheza. Ukishusha, kuna kitu unakitoa: ama starehe ya kukaa, ama nafasi ya shokapu, ama uwazi wa chini. Mimi nalenga kutoa kidogo kabisa.

Huku kwetu Njombe wateja wangu wengi wa kazi hii ni akina dada, manesi na mabibi shamba. Mmoja ni nesi, zahanati yao ina pikipiki na leseni anayo, lakini kila siku ya mkoba ilibidi amsubiri mwenzake wa kiume ampakie. Akisimama kwenye tope miguu haifiki, na nyuma kuna boksi la chanjo. Mwenzake akiwa safari, kina mama kijijini wanasubiri bure.

Nikamwambia, "Dada, rudi na viatu vyako vya kazini, na hilo boksi pia uje nalo."

Watu wengi wanaruka hapo. Mpandishe mteja, msaidizi ashike pikipiki ikiwa wima, wewe uangalie nafasi iliyobaki chini ya kisigino. Sio lazima nyayo zote mbili zilale chini. Nusu ya mbele ya mguu ikikanyaga pande zote mbili, inatosha. Au mguu mmoja ulale vizuri akisogea kidogo pembeni. Mteja atakwambia "shusha sana", wewe shusha kiasi anachohitaji.

Halafu kabla ya kisu, angalia shokapu ya nyuma. Mtu mwepesi akikaa, springi ngumu haishuki, anabaki juu kama kuku kwenye tawi. Kwa kawaida mtu akikaa, nyuma inatakiwa ishuke kama theluthi moja ya mchezo wa shokapu. Kama tairi la nyuma linacheza sentimita 15, basi 4 hadi 5 hivi. Pima kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi, kwanza tairi likiwa limenyanyuliwa, kisha mteja akiwa amekaa. Ikishuka kidogo sana, na shokapu ina sehemu ya kurekebisha springi, legeza. Hiyo ni spana na dakika chache tu, hujaharibu kitu. Ila pima tena na mzigo juu. Ukilegeza mpaka mwisho, siku amebeba boksi nyuma itakaa chini na kugonga kila shimo.

Sasa sponji. Wengi wanakata juu tu, kumbe kinachozuia mguu mara nyingi ni upana. Pale mbele karibu na tenki mapaja yanapopita, punguza kingo za pembeni, mguu ushuke wima badala ya kuzunguka. Unaweza kukuta hapo tu mteja amefika. Ukikata juu, mteremko uende taratibu, usichimbe shimo katikati, maana atanasa sehemu moja na kila akifunga breki anateleza kwenye tenki. Juu ya plastiki ya siti mimi siachi chini ya sentimita 4 za sponji ngumu. Sponji ya godoro usiweke kabisa, inadidimia na mfupa unakutana na plastiki. Kabla ya kufunga kava weka nailoni, huku mvua haina adabu.

Yule dada tuliishia hapo. Tulilegeza springi kidogo, tukanyoa pembeni na sentimita 2 juu. Sasa anaenda mkoba mwenyewe.

Kama bado mtu hafiki, ndipo unagusa vyuma. Nyuma kuna pikipiki zenye vile vyuma viwili vidogo vinavyounganisha shokapu na mkono wa tairi. Zinauzwa seti za urefu tofauti za kushusha. Nunua zilizotengenezwa kwa pikipiki hiyohiyo. Usimpe mchomeleaji achonge kwa chuma chakavu, kikikatika kwenye mteremko umeua mtu. Ukishamaliza, pima cheni upya. Mbele unalegeza vibano na kupandisha bomba za shokapu, kulia na kushoto sawasawa, halafu hakikisha shokapu ikibonyea mpaka mwisho tairi haligongi madigadi wala kibano. Fanya mbele na nyuma kwa pamoja. Nyuma peke yake usukani unakuwa mvivu kwenye kona, mbele peke yake unakuwa mwepesi kupita kiasi na kuyumba kwenye mwendo.

Ukigusa vyuma, stendi ya pembeni nayo inakuwa ndefu. Pikipiki inasimama wima mno, upepo kidogo tu inalalia upande wa pili. Vua stendi, kata kidogo, chomelea, jaribu sehemu tambarare na yenye mwinamo. Hiyo kazi iwe ndani ya bei toka mwanzo, usije kumdai mteja pembeni.

Bei sitaji, Njombe na Dar si sawa. Hesabu sponji, kava, gundi na siku ya fundi, chukua nusu kwanza.

Na kama pikipiki ni ya ofisi, usikate siti mpaka uone karatasi ya bosi wake. Kwa zahanati, mganga mfawidhi ndiye anaandika. Bila karatasi, mimi namtafutia siti ya pili iliyotumika nakata hiyo, ya ofisi inarudi stoo ikiwa nzima. Akihamishwa kituo, anayekuja anaweza kuwa na miguu mirefu.