MASHINE YA KUFULIA NA MAJI YA SOLA: YALIYONIKUTA SAME

Leo siasa kando, naongelea mpira uliochomoka.

Mama alishuka kutoka Chome kuja kukaa nami hapa Same mjini. Vidole vinamuuma akifua, basi bro wa Dar akamtumia mashine. Juu ya bati nina sola ya maji moto, na jua la Same mnalijua. Nikawaza: hita ya mashine inakula kama kilowati 2, LUKU italia kila siku, na maji ya moto ninayo ya bure! Nikaunga mpira moja kwa moja kwenye bomba la moto.

Wacha we. Wiki ya kwanza nepi za mjukuu zilitoka na madoa ya maziwa yameshika kabisa, maana doa la maziwa au damu likikutana na maji ya moto kwanza linaiva kama yai. Wiki ya pili mpira ukalainika, ukachomoka kwenye nati, sebule ikawa ndiva. Maji ya sola mchana yanaweza kupita nyuzi 80, jamani. Mama angekuwa karibu sijui ningewaambia nini ndugu zangu.

Kosa lilikuwa langu. Tazama nyuma ya mashine: ikiwa na midomo miwili, mwekundu ni wa moto na wa bluu ni wa baridi, hiyo ni rahisi. Ukiona mmoja tu, imetengenezwa kwa maji baridi, itachemsha yenyewe. Soma kitabu chake kwanza. Ya Mama inaruhusu mpaka nyuzi 60, nyingine haziruhusu hata 40.

Nilichofanya: nimefunga valvu ya kuchanganya moto na baridi, nikaiweka nyuzi 40, na valvu za kuzuia maji yasirudi pande zote mbili. Bomba la moto ni PPR. PVC ya kawaida kwenye joto hilo inapinda. Maji ya kusuuza hayahitaji joto, kwa hiyo mashine ikishajaa mara ya kwanza nafunga koki ya moto kwa mkono.

Halafu presha. Mashine nyingi zinataka maji yashuke kutoka kimo cha mita 5 hivi, na simtanki langu lilikuwa kwenye mnara wa mita 3. Ilikuwa inangoja maji mpaka inakata tamaa. Nimeuongeza mnara.

Akiba je? Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 20 hadi 40 ni kama theluthi moja ya uniti. Si nyingi kama nilivyoota! Tena bomba likiwa na mita 20, lita 2 au 3 za mwanzo ni zile baridi zilizolala humo ndani. Anayefua mara moja kwa wiki aunge baridi tu, asijisumbue. Sisi tunafua kila siku.

Khanga zake Mama bado anafua mwenyewe, kwa maji baridi. Anasema mashine inazipausha.