Konti bloke: kuifungua ni mwepesi, kuifunga kunaomba kujua mbele

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 ilipoingia mjini Goma, mabenki yalifunga milango. Katikati ya mwezi wa pili ikawa vile vile Bukavu. Wiki zikapita, miezi ikapita. Wakaaji wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta makuta, wengine wakakubali kukatwa asilimia kubwa ili watoe pesa ya simu. Kati yao kulikuwa watu wenye swali lao la pekee: wale waliokuwa wamefungia pesa benki kwa muda, katika ile inayoitwa DAT, yaani depo a terme. Mitaani watu wanaiita konti bloke. Siku ya kutoa ilifika, gishe ikawa imefungwa. Je, ile pesa imepotea?

Jibu ni hapana. Mkataba wa konti bloke ni kati ya mteja na benki yenyewe, si kati ya mteja na nyumba ya ajansi. Benki ikifunga mlango mu mji mmoja, deni lake kwa mteja linabaki. Lakini swali hilo linaonyesha jambo moja: watu wengi wanatia sahihi siku ya kufungua bila kuuliza konti hiyo inafungwa namna gani.

Ni kitu gani hasa?

Mteja anaachia benki kiasi fulani cha pesa kwa muda unaojulikana: miezi 3, 6, 12 ao zaidi. Benki inaikopesha kwa wengine na inalipa mwenyewe faida. Faida inakuwa juu kuliko ile ya konti ya akiba ya kawaida kwa sababu benki iko na uhakika kwamba pesa italala mpaka siku iliyoandikwa.

Wamemba wa AVEC wanajua desturi hiyo. Kule pesa inaingia mu sanduku la kufuli tatu, na watu wanangoja siku ya kugawana. Tofauti ni kwamba katika AVEC kila mtu anaona sanduku. Kwa benki, mteja anabaki na karatasi tu. Ndiyo maana ile karatasi ni ya kusomwa mpaka mwisho.

Kuifungua

Kwa kawaida benki inaomba mteja awe kwanza na konti ya kawaida, kwa sababu faida na pesa yenyewe vitarudi humo. Anakuja na kitambulisho, sana sana karata ya mpiga kura ao paspoti, picha, na uhakikisho wa makao. Shirika ao kikundi kinaleta tena sheria zake za ndani, na karatasi ya mkutano inayotaja wenye haki ya kutia sahihi. Afazali watu hao wawe wawili ao watatu, ili mmoja asitoe pesa peke yake.

Mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya bwana wake. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, iliyorekebisha Kodi ya Jamaa, iliondoa lazima hiyo.

Mbele ya kutia sahihi, kuna mambo sita ya kutafuta ndani ya mkataba: kiasi cha pesa, ni franga ao dola, asilimia ya faida, tarehe ya mwisho, kitakachotokea tarehe hiyo ikifika, na kitakachokatwa kama mteja anatoa mbele ya siku. Lile ambalo mtumishi wa benki anasema kwa mdomo tu, mteja aombe liandikwe.

Hesabu inayodanganya wengi

Asilimia inayotajwa ni ya mwaka muzima. Kwa mfano, mama muuza vitenge wa Butembo anafungia dola 1,000 kwa miezi 6, kwa faida ya 4 kwa mia. Anangojea dola 40, kumbe atapata 20, kwa sababu miezi 6 ni nusu ya mwaka. Tena anapaswa kuuliza kama kuna malipo ya benki ao kodi itakayokatwa juu ya hizo 20.

Franga ndiyo inatoa asilimia kubwa, na hapo watu wengi wanavutwa. Mwanzo wa 2023, dola moja ilikuwa karibu franga 2,000. Mwisho wa mwaka huo ilipita 2,600. Mtu aliyefungia franga milioni 2, hata kama angelipwa faida ya 15 kwa mia, angetoka na milioni 2 na 300,000. Mwanzoni pesa yake ilikuwa na bei ya dola 1,000. Mwisho haifikishe hata 900. Mwezi wa kumi 2025 ilikuwa kinyume: franga ilipata nguvu ghafula, na wenye dola ndio walilalamika. Kwa hiyo afazali mtu afungie pesa ya aina ile atakayoitumia. Anayelipa masomo na nyumba kwa dola, afungie dola.

Na anayeahidi kuzidisha pesa mara nyingi kwa muda mfupi, huyo hana konti bloke. Kinshasa ilishajifunza hilo mwaka 1991, wakati Bindo Promotion ilipoanguka na akiba ya watu wengi.

Kuifunga siku ikifika

Hapa ndipo wengi wanateleza. Kuna mikataba ambayo pesa pamoja na faida inarudi yenyewe mu konti ya kawaida. Kuna mingine ambayo, kama mteja hakusema kitu, inaanza upya kwa muda ule ule. Mwenye kufungia miezi 12 akichelewa siku chache tu, anaweza kukuta pesa imefungwa tena mwaka muzima, wakati watoto wanangoja minervali. Dawa yake ni barua: mteja anaandikia benki mbele ya tarehe ya mwisho, kwa siku zile mkataba unataja, anasema hataki kuendelea, na anabaki na kopi yenye muhuri wa benki.

Kuifunga mbele ya siku

Ugonjwa, kifo na kukimbia vita havingoje tarehe. Mteja anaweza kuandika barua ya kuomba pesa mbele ya muda. Mara nyingi benki inakubali, lakini inapunguza faida ao inaiondoa yote. Mikataba fulani inakataza kabisa, ao inaomba kungoja siku kazaa. Njia ingine ni kuomba mkopo mdogo, konti bloke ikiwa dhamana. Mteja alinganishe: kama imebaki mwezi mmoja, riba ya mkopo inaweza kuwa ndogo kuliko faida atakayopoteza. Kama imebaki miezi 10, pengine kuvunja ndiyo afazali.

Kama mwenyewe anafariki

Familia nyingi zinazani kwamba mtu aliyepewa prokirasio anaweza kuendelea kutoa pesa. Sivyo. Prokirasio inaisha siku mwenyewe anapofariki. Pesa inakuwa ya warithi, na benki itaomba uhakikisho wa kifo pamoja na karatasi zinazoonyesha warithi ni nani. Kama hakuna mtu nyumbani anayejua kwamba konti iko, hakuna atakayeiuliza. Bibi, bwana ao mtoto mkubwa ajue angalau jina la benki na mahali karatasi iko.

Somo la Goma na Bukavu

Mwenye kukimbia na watoto mgongoni hawezi kubeba kabati. Mkataba upigwe picha na utumwe kwa ndugu aliye mji mwingine. Nambari ya konti iandikwe mahali pawili. Kama ajansi ya kwao imefungwa, mteja anaweza kwenda kwa ajansi ya benki ile ile katika mji mwingine, na kitambulisho chake na kopi ya mkataba, kuuliza hali ya pesa yake na kuacha barua. Wasiwasi wa wengi ni tarehe iliyopita bila wao kusema kitu: barua hiyo ndiyo inaonyesha kwamba hawakukubali pesa ifungwe tena.

Lakini ulinzi mkubwa unaanza siku ya kwanza. Pesa ya chakula, ya dawa, ya minervali ya muhula huu na ya kukimbia usiku si pesa ya kufungia. Konti bloke ni ya ile inayobaki, ambayo ikilala mwaka muzima hakuna mtu nyumbani atalala na njaa.