Mnyoo Asiye na Kinywa

Umekwisha kujifunza kwamba mimea ya kijani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Je, penye giza la daima chakula hutoka wapi?

Mwaka 1977 wataalamu wa miamba waliteremka kwa chombo kiitwacho Alvin katika Bahari ya Pasifiki, kaskazini-mashariki ya visiwa vya Galápagos. Kwenye kina cha meta 2,500 hivi, penye chemchemi za maji moto, waliona minyoo waishio ndani ya mirija myeupe. Mmoja aweza kufikia urefu wa meta 2, wala hana kinywa wala utumbo!

Hulaje basi? Ncha yake ina shada jekundu, jekundu kwa damu. Himoglobini ya damu hiyo huchukua oksijeni pamoja na haidrojeni salfaidi, gesi inukayo kama yai viza, ambayo kwetu ni sumu. Vyote viwili huwafikia bakteria wengi mno waliomo mwilini mwake. Bakteria huiunganisha gesi hiyo na oksijeni, hupata nguvu, kisha hutengeneza chakula kimlishacho mnyoo. Mnyoo hawarithi bakteria hao kwa wazazi. Humwingia akiwa mchanga, kutoka majini, kupitia ngozi.

Chemchemi ikizimika, minyoo wa hapo hufa. Viluwiluwi wao tu, wakichukuliwa na mikondo ya maji, huweza kufikia chemchemi nyingine.